Mudira wa Jua

Ofisini hapakuwa na mtu aliyemwita kwa jina. Wakandarasi waliokuja kufuatilia malipo yao, walinzi wa getini, wahandisi, hata mkubwa wetu hapa Ibra, Omani, alipokuwa na hasira naye, wote walisema Mudira. Ni neno la Kiarabu tu, maana yake mkurugenzi mwanamke, na idara nyingine nazo zilikuwa na mudira wao. Lakini ukisema Mudira bila kuongeza kitu, kila mtu alijua unamkusudia yule wa fedha, yule mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, aliyekuwa akiinama kila anapotaka kusoma.

Kuinama kule kulikuwa na sababu. Ujana wake aliupitisha Sur, kwenye kituo cha hali ya hewa, akisoma kipimamvua na vipima joto na kupeleka habari Maskati. Huko walimfundisha kwamba jicho lazima liwe sawasawa na maji ndani ya chombo. Ukisoma kutoka juu unajidanganya, na ukisoma kutoka chini unajidanganya pia. Kazi ile aliiacha zamani, lakini mwili wake haukuiacha. Aliinama kusoma geji ya mafuta kwenye gari. Aliinama jikoni akipima mchele. Jumatano, kwenye soko la wanawake, aliinama mbele ya mizani ya mama muuza nyanya mpaka mama yule akapiga kelele, "Ya Mudira, hii mizani yangu, si ya serikali!"

Namna alivyotoka kwenye mawingu akaingia kwenye fedha aliwahi kunieleza mara tatu, na kila mara kivingine. Mara ya kwanza alisema serikali ilihitaji mtu asiyeogopa tarakimu. Mara ya pili alisema alichoshwa na upepo wa Sur, ulikuwa ukimng'oa mtandio kila asubuhi. Mara ya tatu tulikuwa tumechelewa kazini, ameshavua viatu chini ya meza, akasema mama yake alikuwa mgonjwa Ibra na huku hapakuwa na nafasi nyingine ila ya fedha. Hiyo ya tatu ndiyo niliyoiamini, kwa sababu aliisema bila kunitazama.

Mimi nilifika kwake kijana, nimehamishwa kutoka Nizwa. Nilimwamkia kwa Kiswahili kwa sababu niliambiwa ni mtu wa Unguja.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wazee wako walikaa wapi, mwanangu?"

"Burundi."

"Aa, watu wa bara. Haya, sema shida yako."

"Niko na barua ya uhamisho."

Alivua miwani. "Barua unayo. Wewe uko Ibra. Usivichanganye vitu hivyo viwili."

Nilidhani ananidharau. Baadaye nilijua kwamba alisahihisha Kiswahili cha kila mtu, na kwamba lugha ile ya mjini Unguja, aliyoichukua kwa mama yake, ilikuwa kama chombo kizuri cha kabatini ambacho wageni wengi hatukujua kukishika. Watoto wangu walipokuwa wakienda nyumbani kwake na kusema "kitu mzuri", alisema polepole, "Kitu kizuri, roho yangu. Kizuri," kisha akawapa hicho kitu kizuri, kwa kawaida visheti. Arusi zikikaribia wanawake walimpelekea kanga awatafsirie maandishi yake, na yeye akitafsiri kwa Kiarabu huku akicheka peke yake, kwa sababu mengine, alisema, hayatafsiriki mbele ya wanaume.

Kwa pesa ya umma alikuwa mkali kupita kiasi. Chai ya ofisi hakuinywa. Alikuja na chupa yake. Mtu mmoja alimsifu kwa hilo, kwamba anamwogopa Mungu hata kwenye chai, naye akakasirika kweli. "Si uchaji Mungu. Chai yenu mbaya." Lakini mapazia mapya ya majlisi, sebule ya wageni wa mkubwa, aliyakataa mwaka mmoja, akayakataa na mwaka wa pili, na mkubwa akabaki na yale yaliyopauka. Mkandarasi akileta mpango wa barabara, yeye hakuanza na bei. Aliuliza, "Nani atapita hapa?" Wengi walikuwa hawajafikiria. Walianza kueleza lami na kokoto, naye akingoja, kisha akauliza tena lile lile.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa mengine kabisa. Ijumaa nyumba ilijaa watu wasiojulikana wameingiaje, na sufuria ya biriani haikuwahi kutosha. Mshahara wake mwenyewe ulimponyoka kama maji kwenye vidole. Mwisho wa mwezi ni dada yake wa Sur aliyemsaidia, naye hakuona haya kulisema. Alinunua gari bovu la mpwa wake, akalipa bei ya gari zima, likakaa uani linaota kutu. Nikamuuliza kama hakujua ni bovu.

"Nilijua. Lakini alikuwa anaoa."

Ungemwona pale uani ukaambiwa huyu ndiye anayelinda hazina ya mji, usingekubali.

Udhaifu wake mwingine ulikuwa mvua. Alasiri za kiangazi mawingu hujikusanya juu ya milima ya Hajar, mengi hayafiki popote. Lakini moja likisogea upande wetu, kikao cha Mudira kilikuwa kimekwisha. Mwanamke yuyo huyo aliyeandika onyo kwa aliyechelewa kurudi chakulani, alitoka kwanza yeye, akasimama kwenye maegesho ya magari, mikono kifuani, uso juu, na sote nyuma yake. Matone yakianguka alisema "Alhamdulillahi" na kutaja wingu lile kwa jina lake la kitaalamu, ambalo hakuna aliyelishika. Kisha akarudi ndani, abaya imelowa, na kuendelea na kifungu tulichokiacha.

Kwa hiyo wote tulitegemea kwamba mhandisi mmoja wa Nizwa akija na ombi lake atalipata bila taabu. Alikuwa kijana msomi, mtu mwema, na alitaka vipima maji vya kisasa viwekwe huko juu kwenye mabonde, vipeleke habari vyenyewe kwa simu wadi, yaani mto mkavu wa milimani, inapoanza kujaa. Mudira alisoma ombi zima kwa kuinama. Kisha akalikataa.

"Lakini wewe mwenyewe ulikuwa mtu wa hali ya hewa!" alisema mhandisi, amesimama.

"Ndiyo maana. Kaa." Akamsukumia chupa yake ya chai. "Watu wanaozama wadini hawazami kwa kukosa habari. Wanaiona wadi inakuja. Wanasema, gari yangu kubwa, n'tapita. Mwaka huu fedha ni moja. N'kiiweka kwenye vyombo, kivuko cha kupita juu ya wadi kule chini hakijengwi. Wewe ungeiweka wapi?"

"Kwenye vyombo," alisema mhandisi.

"Zen. Basi andika hivyo, na mimi n'taandika langu, wakubwa waamue."

Wakubwa waliamua kujenga kivuko. Mpaka leo sijui nani kati yao alikuwa na haki zaidi. Vyombo vililetwa miaka kadhaa baadaye na vimesaidia sana, na kivuko nakipita kila siku. Nilichokiona siku ile ni kwamba Mudira alikwenda nyumbani amenuna, na kwa wiki nzima alikuwa akitaja vile vyombo kama mtu anayetaja chakula alichojinyima.

Sasa nifike kwenye mwaka uliompa jina la pili.

Ilikuwa siku za mwisho kabla ya Iddi. Nusu ya wafanyakazi wameshaondoka, mkubwa wetu yuko safarini. Habari zikaja kwamba kimbunga kiko baharini, kinaelekea pwani ya Sur, na kwamba kikiingia nchi kavu mvua yake inaweza kufika kwetu na kuishusha wadi kutoka milimani kwa nguvu ambayo mtaa wa chini, ulio kando ya wadi, hauwezi kuistahimili. Walisema inaweza. Hawakusema itafika.

Ili kuwahamisha watu wakalale shuleni kwa fedha za serikali ilitakiwa idhini kutoka Maskati. Tulipiga simu asubuhi yote. Kijana mmoja mpole alipokea kila mara na kusema mwenye mamlaka ameanza likizo, na yeye atamfikishia salamu. Ilipofika adhuhuri Mudira aliweka simu chini.

"Niletee fungu la matengenezo ya barabara."

"Mudira, hilo ni la barabara."

"Na hao watu watapita wapi kwenda shuleni? Barabarani."

Alisema kama mzaha, lakini hakucheka. Nilimletea. Alitia saini malipo ya mabasi, magodoro, maji na chakula, na jina la shule itakayofunguliwa. Alipomaliza aliweka kalamu, akapangusa kiganja kwenye abaya. Kilikuwa kimelowa jasho. Mpaka siku ile sikuwa nimewahi kumwona anaogopa, na nilitazama dirishani ili asijue kwamba nimeona.

Watu wa mtaa wa chini walihamia shuleni jioni ile, wengine kwa hiari, wengine kwa kubembelezwa na Mudira mwenyewe, mlango kwa mlango. Mzee mmoja alikataa kabisa kwa ajili ya mbuzi wake. Mudira alikaa naye kizingitini mpaka kahawa ikaisha, na mbuzi wakatafutiwa gari. Shuleni watoto walikimbia kwenye ukumbi kama wako sikukuuni. Upepo ulivuma, anga likawa jeusi, matone machache yakapiga paa la shule. Basi. Kimbunga kiligeuka, kikashika njia ya kusini, na asubuhi ilipambazuka na jua kali, anga bluu kama sahani iliyooshwa.

Yule mzee alimkuta uwanjani. "Mudira, mvua yako iko wapi?"

"Imekataa kuja, baba."

"Basi nirudishe na mbuzi wangu."

"Gari lako hilo pale."

Kitoto kimoja kilikuwa kikisikiliza. Kikaanza kuimba kwa Kiarabu, mudirat ash-shams, mudirat ash-shams, Mudira wa Jua, na watoto wengine wakaitikia. Kabla Iddi haijaisha jina lilikuwa limefika sokoni na kwenye vituo vya mafuta mpaka Al Kamil, njia ya Sur. Yeye mwenyewe alilisikia. Siku za kwanza alilicheka. Mtu akimpigia simu kumpa mkono wa Iddi alisema, "Ndiye huyu, Mudira wa Jua, karibu uote."

Baada ya sikukuu ilikuja kamati. Walikuwa watu wa adabu, waliulizia afya ya dada yake, walikunywa kahawa yetu. Mimi nilikaa kando yake na makaratasi.

"Nani alikuambia kwamba itanyesha?" aliuliza mkubwa wao.

"Hakuna. Niliambiwa inaweza."

"Ukatumia fedha za barabara kwa mvua isiyonyesha."

"Nilizitumia kabla haijakataa."

Yule bwana alitabasamu. Nadhani alimpenda. Akamfungulia mlango atokee: "Tuseme ilikuwa haraka, Mudira. Hali ilikuwa ngumu, likizo, simu hazipokewi. Tuandike kwamba ilikuwa haraka na haitatokea tena. Khalas, mambo yamekwisha."

Chumba kizima kilimtaka akubali. Mimi nilimtaka akubali. Nilimgusa mguu chini ya meza. Yeye alikisogeza kikombe chake kando.

"Haikuwa haraka," alisema. "Nilingoja simu asubuhi nzima. Na kama n'takuwa na kalamu tena, n'tatia saini tena."

Basi wakamnyang'anya kalamu. Hakufukuzwa, hakukatwa mshahara, cheo kilibaki mlangoni. Lakini mamlaka ya kutia saini alipewa mwingine, naye akahamishiwa chumba cha mafaili ya zamani nyuma ya jengo, ambako kiyoyozi kilidondosha maji ndani ya ndoo.

Ningependa kusema alilibeba jambo lile kwa utulivu, lakini haikuwa hivyo. Aligeuka mtu mchungu. Aliwagombeza wasafishaji kwa ndoo isiyokuwa kosa lao. Mudiri mpya, yule mwanamume aliyepewa kalamu, alipompa salamu, alijibu kwa kichwa tu, na kwake yeye, aliyefundisha watu adabu, lile lilikuwa tusi. Ijumaa nyumba yake ikapungua watu. Jina la Mudira wa Jua likaacha kumchekesha. Alilisikia siku moja kwenye foleni ya mkate akatoka bila mkate. Na siku moja nilipokwenda kutafuta faili nilimsikia kutoka nje, analia kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayejaribu kutosikika. Nilirudi nilikotoka.

Miezi ikapita hivyo. Kisha alasiri moja nilipokuwa nikipanga mafaili pamoja naye, aliniuliza ghafla, "Wewe ungefanya je?"

"Ningetia saini."

Alinitazama juu ya miwani. "Muongo mkubwa wewe. Una watoto wanne na mkopo wa nyumba. Ungengoja simu."

Nikainamia mafaili. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, na mimi nikacheka, na msafishaji akachungulia kuona kuna nini. Sijui kwa nini kicheko kile kilimfungua. Labda alikuwa amechoka kuambiwa na kila mtu kwamba wangefanya kama yeye. Kuanzia hapo alirudi kidogo kidogo. Aliwaita mabinti walioajiriwa karibuni, akawafundisha kusoma bajeti ndani ya kile chumba cha ndoo, na ukipita ungemsikia: "Usin'ambie pengine. N'ambie pengine kubwa au pengine ndogo." Wawili kati ya mabinti hao leo ni wakuu wa idara. Hakuna aliyemwomba radhi mpaka alipostaafu, na sikumsikia akidai.

Alipostaafu alihamia Sur kwa dada yake. Tulionana kwenye arusi na kwenye misiba. Mimi nikapanda polepole, kama watu wanavyopanda serikalini, mpaka kalamu ya fedha ikaja mkononi mwangu.

Mwaka juzi nilikuwa na kikao Sur, na kilipokwisha nilipita kumwamkia. Dada yake alinifungulia, akaniambia nijitaje kwa sauti nikiingia, kwa sababu macho ya Mudira yamekuwa mazito. Nilimkuta amekaa karibu na dirisha, amevaa kanga, mrefu vile vile.

"Shikamoo, Mudira."

"Marahaba. Mtu wa bara! Sogea n'kuone." Alinishika uso kwa mikono miwili, akaukaribisha kwenye jicho lake. "Umenenepa. Vizuri."

Tulikula samaki wa kupaka. Aliniuliza habari za kila mtu. Sikumwambia kwamba tangu asubuhi kuna mgandamizo mdogo wa hewa, dalili ya mvua kubwa, unaotajwa kuelekea milimani kwetu, wala kwamba Maskati walikuwa bado hawajatujibu. Nilikuwa nimekuja kumwamkia tu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia njia nzima.

Simu ililia tukiwa kwenye kahawa. Alikuwa naibu wangu, na sauti yake ilikuwa ya juu. Watu wa mtaa wa chini wahamishwe au wasihamishwe? Mabasi yapo, mwenye mabasi anataka neno la mtu. Idhini haijaja. Nilifunika simu kwa kiganja.

"Mudira," nilisema, "ni habari ya wadi. Wananiuliza kama..."

Aliinua mkono kunizuia. Kisha akasimama. Alipapasa ukuta, akapita kando ya kabati, akamshika dada yake bega akamtoa naye, na akafunga mlango nyuma yao. Nikabaki peke yangu na sahani za samaki na simu mkononi.

Nilizungumza na naibu wangu. Nilimuuliza aliyoniuliza mwenyewe, ili nipate muda. Nilifikiria kamati, nikafikiria ile ndoo. Watoto wangu sasa wakubwa, lakini mkopo bado upo. Nikasema wahamishwe, na kwamba nitaandika kwa mkono wangu nikifika.

Mlango ulifunguliwa mara tu nilipoiweka simu chini.

"Nilikuwa nasikiliza," alisema Mudira bila aibu yoyote. "Umesema naam mara nyingi mno. Lakini umesema. Haya, kahawa imepoa, ngoja wakutie nyengine."

Hakuongeza neno juu ya jambo hilo. Nilirudi Ibra kwa njia ya Al Kamil chini ya anga jeupe lisilosema kitu.

Kesho yake alasiri ilinyesha. Wadi ilishuka ikiwa nyekundu, ikapita juu ya ukuta wa bustani za chini, ikaingia kwenye nyua za nyumba ambazo hazikuwa na mtu. Nilisimama kwenye baraza ya shule, watu wakiwa wamejazana madirishani nyuma yangu, nikampigia.

"Watu wako wapi?" aliuliza kabla ya salamu.

"Shuleni."

"Wote?"

"Wote."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nyuma yake niliisikia redio ya dada yake.

"Huku kwetu jua kali," alisema. "Hebu n'eleze."

Nikamweleza. Nilimwambia mlima umepotea, kwamba mvua inakuja kwa mshazari kutoka upande wa msikiti, kwamba vumbi limelala na harufu imepanda, kwamba maji yamebeba gogo la mtende na kiti cha plastiki kilichosimama wima kama kuna mtu amekikalia. Maneno yangu ya Kiswahili yakaniishia, nikachanganya na Kiarabu, na hakunisahihisha. Niliponyamaza, nikidhani amechoka, alisema, "Usiache. N'akusikia."

Nikaendelea kumweleza mpaka mvua ilipokatika.